Mzizi umepona, jino bado: namna ya kulikinga lisipasuke baada ya ruti kanali

Mama alifungua pindo la khanga yake mbele ya meza yangu kama mtu anayetoa nauli. Hakutoa pesa. Alitoa kipande cha jino: gego dogo la juu, upande wa shavuni, limekatika mshazari kuanzia kileleni mpaka chini ya ufizi. Alikuwa anakula wali na mbaazi usiku, mbaazi zilizoiva zikalainika. Hapakuwa na jiwe wala mfupa. Akasikia "ka!" kama njiti ya kibiriti inavyokatika, akatema, akakiona. Hata maumivu hakuyapata.

"Mwanangu," akaniambia, "si ulisema tumemaliza?"

Nilisema kweli. Miezi minane nyuma nilimsafishia mzizi wa jino lile kwa awamu tatu. Nikaujaza vizuri, picha ya eksirei ikatoka safi, juu nikaziba kwa dawa ya muda, nikamwambia arudi kuwekewa kofia, lile ganda gumu la kulifunika jino lote, akipata nafasi. Halafu nikamshika mkono nikasema, mama, tumemaliza. Yeye alibeba neno la mwisho, na mtu yeyote angebeba hilo. Maumivu yameondoka, usaha umekauka, hela imelipwa, daktari mwenyewe amesema kazi imekwisha. Arudi kufuata nini? Jino lile ilibidi nimng'oe siku ile ile, kwa kuwa ufa ulikuwa umeshuka hadi kwenye mzizi, na mzizi uliopasuka hauna gundi.

Ni daktari wa meno hapa Tanga, mwaka wa 14 huu. Kosa lile lilikuwa langu na sijalisahau. Ninayemwandikia ni yule aliyetoka kwenye kiti wiki hii, au aliyetoka mwaka jana na bado anatembea na dawa ya muda jinoni. Ruti kanali, au kuua mshipa kama wengi mnavyosema, huokoa mzizi. Sehemu ya juu, ile inayotafuna, huokolewa na kazi ya pili, na kazi hiyo inakuhitaji wewe kuliko inavyonihitaji mimi.

Linapasukia nini?

Mtaani utaambiwa jino lililouliwa mshipa hukauka kama kuni, ndiyo maana linavunjika. Hata mimi niliingia kazini nikiamini hivyo. Lakini dentini, ule mwili wa jino ulio chini ya ganda la nje, ya jino lililotibiwa ikipimwa maabara, ugumu wake unakaribiana sana na wa jino hai. Kinacholiponza jino ni kupungua kwa mwili wake. Kwanza lilioza likatoboka. Tukaja sisi tukachokoa kilichooza. Kisha tukafungua paa ili tuifikie mifereji ya mzizi. Kilichobaki ni nyumba yenye kuta zilizosimama bila kenchi wala bati, na kila unapotafuna, chakula kinashuka katikati na kuzisukuma kuta nje.

Kuna vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1989 ambavyo huwa nawaeleza wagonjwa kwa kuwachorea kwenye karatasi. Kutoboa paa peke yake ili kuufikia mzizi kulipunguza ukakamavu wa jino kwa takriban 5%. Tundu la kuziba la juu katikati, 20%. Lakini tundu lililokula na kuta zote mbili za pembeni, zile zinazogusana na meno ya jirani, lilipunguza takriban 63%. Kwa hiyo ruti kanali inabeba lawama ambazo nyingi si zake. Mharibifu alikwishapita kabla yake. Unapokuwa kwenye kiti, swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: "Kuta za pembeni zimebaki ngapi?" Akikuambia zote mbili zimekwenda, jua jino lako lipo hatarini kuanzia saa hiyo, hata kama haliumi kabisa.

Jambo la pili ni hilo hilo la kutouma. Jino hai linajua kulalamika. Ukibana kichangarawe, taya linaachia kabla hujafikiri. Jino lisilo na mshipa bado linahisi uzito kiasi, kupitia nyuzi zinazolishikilia kwenye mfupa, lakini sehemu ya tahadhari yake imezimwa, na uozo mpya ukianza pembeni mwake hutasikia maji baridi yakikuchoma. Uozo unalila kimya kimya, na siku litakapokatika utadhani limekatika ghafla.

Noleo

Baba yangu alikuwa seremala Pangani. Chukua patasi ya zamani, au kisu kilichotengenezwa na fundi anayejua kazi yake, utazame pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Utaona pete ya chuma imeubana mti. Ile ni noleo. Vijana wa siku hizi wanaiona kila siku na jina hawalijui.

Nilipokuwa na miaka tisa nilichukua patasi ambayo noleo lake lilikuwa limedondoka, nikaiegemeza kwenye ubao wa mvule, nikaigonga nyundo mara tatu. Pigo la tatu mpini ukafunguka toka chini hadi juu kama ganda la njugu. Mti ulikuwa mzima, mkavu, mgumu. Tatizo ni kwamba ule mkia wa chuma uliomo ndani ya mpini uligeuka kabari, na hakukuwa na kitu cha nje kinachouzuia mti kutanuka. Nakumbuka nilivyozishika zile nusu mbili, kila moja ina mfereji katikati, laini, mahali mkia ulipokuwa umelala.

Gego lililofanyiwa ruti kanali ni mpini ule. Lina mfereji katikati, na kila siku linapigwa kwa juu. Kofia ya jino, sisi tunaiita krauni, ndiyo noleo lake. Inalizunguka jino lote na kulibana shingoni, hivyo kuta haziwezi tena kuachana.

Ila noleo lazima lishike mti. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, hata za madaktari wazuri. Kofia inahitaji pete ya jino zima, isiyooza, yenye kimo cha milimita 1.5 hadi 2 juu ya ufizi, kulizunguka jino kadiri inavyowezekana. Ikiwa jino limeliwa mpaka usawa wa ufizi na kofia imekalia dawa ya kuzibia tu, noleo limeshika hewa. Nguvu yote ya kutafuna inaingia kwenye nguzo iliyochomekwa mzizini, nguzo inageuka kabari, na siku moja mzizi unafunguka kama mpini wa baba. Kwa hiyo swali la pili la kumuuliza daktari: "Itapatikana pete ya jino zima ya milimita mbili?" Kama haipatikani, zipo njia za kuitafuta, kwa mfano kuushusha ufizi na mfupa kidogo, au kulivuta jino lijitokeze. Na zipo nyakati ambapo jibu la kweli ni kuling'oa mapema kuliko kulipia kofia itakayodumu mwaka.

Kuhusu hiyo nguzo, wagonjwa wengi wanaamini inaimarisha jino kama nondo kwenye zege. Haiimarishi. Kazi yake ni kuishikilia dawa ya juu pale ambapo jino lenyewe halijabaki la kuishikilia. Kila nguzo inataka mzizi uchongwe zaidi, na mzizi uliochongwa zaidi ni mwembamba zaidi. Magego makubwa mengi hayaihitaji kabisa, kwa kuwa chumba chake cha ndani kinatosha kuishika dawa. Ukiambiwa gego lako lenye kuta tatu zilizosimama linahitaji nguzo, una haki ya kuuliza kwa nini, kwa upole, ukajibiwa.

Kama unataka ushahidi nje ya karakana ya Pangani: watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha mwaka 2002 kwamba meno yaliyofanyiwa ruti kanali bila kuwekwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 ya yale yaliyovikwa. Mwaka 2004 ikachapishwa hesabu ya meno zaidi ya milioni 1.4 ya watu wenye bima huko huko Marekani. Baada ya miaka 8, asilimia 97 yalikuwa bado kinywani. Hiyo ni habari njema kwa anayeogopa ruti kanali. Lakini katika yale yaliyong'olewa, 85% hayakuwa na kofia kamili.

Jino gani livikwe, lipi liachwe

Meno ya mbele yenye tundu dogo nyuma huwa hayahitaji kofia. Yanakata, hayasagi. Kuziba vizuri kwa dawa ya rangi ya jino kunatosha, na kulichonga jino zima la mbele kwa ajili ya kofia isiyohitajika ni kulidhoofisha bure.

Magego ni habari nyingine. Gego kubwa na gego dogo, juu na chini, chukulia kwamba yanahitaji kufunikwa vilima vyake, vile vichomozo vya juu vinavyotafuna, mpaka daktari akuthibitishie vinginevyo. Gego dogo la juu ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Lina vilima viwili virefu, shingo yake ni nyembamba, na kilima cha jino la chini kinaingia katikati yake kama shoka kwenye gogo. Lile la mama wa mbaazi lilikuwa hilo. Gego ambalo kuta zake zote mbili za pembeni zipo, tundu ni la katikati tu, na mwenyewe hasagi meno usiku, linaweza kubaki na dawa nzuri bila kofia. Hilo mkae mlizungumze. Gego ambalo tayari lilikuwa na ufa kabla ya kutibiwa, hakuna mjadala, livikwe haraka.

Pesa

Sitajifanya sijui kinachowazuia watu. Kofia mara nyingi inagharimu zaidi ya ruti kanali yenyewe, na mgonjwa anaambiwa bei yake siku ya mwisho, wakati mfuko umeshakauka. Usikubali hivyo. Siku ya kwanza kabisa, kabla sindano ya ganzi haijakugusa, uliza bei ya safari nzima: kusafisha mzizi, kujenga juu, na kofia. Kama una bima, piga simu uulize kama inalipia na kofia au inaishia mzizini. Nimewaona walioshtuka mlangoni.

Kofia ya chuma kitupu, isiyo na urembo, ni imara, na jino huchongwa kidogo kuliko kofia nyingine. Kwa gego la nyuma kabisa ambalo hata ukicheka halionekani, ndiyo ninayoipenda mimi. Ipo ya chuma iliyofunikwa kauri, ipo ya zirkonia ambayo ni nyeupe na ngumu. Zote zinafanya kazi. Ninachokusihi ni kwamba kofia ya chuma mwezi huu ni bora kuliko nyeupe utakayoipata zamu yako ya upatu itakapofika mwakani, kwa sababu huenda mwakani jino lisiwepo.

Na kama kofia yoyote haiwezekani kwa sasa, usiondoke na dawa ya muda. Mwombe daktari avipunguze vilima kwa takriban milimita mbili na kuvifunika kwa dawa ya kudumu, iwe amalgamu, ile ya rangi ya fedha, au kompositi, ile ya rangi ya jino, ili chakula kikanyage dawa na kuta zisisukumwe. Inafanyika siku hiyo hiyo, kwa gharama iliyo karibu na ya kuziba kwa kawaida. Si kofia, lakini nimeona magego yaliyofunikwa hivi yakitafuna miaka mingi. Njia nyingine ya kushikiza ni bendi ya chuma, ile pete wanayovishwa wanaonyoosha meno. Inagandishwa kuzunguka gego, inalibana wakati unakusanya pesa. Wagonjwa hawaiombi kwa sababu hawajui kwamba ipo.

Zile wiki za katikati

Meno mengi niliyoyapoteza yalikufa hapa, kati ya mzizi kujazwa na juu kufunikwa.

Dawa ya muda utaijua kwa harufu. Ikinuka karafuu, basi ni unga wa zinki uliokandwa kwa yujinoli, mafuta yanayotoka kwenye karafuu hizi hizi tunazozijua za Pemba. Inatuliza na inaziba, lakini haina nguvu. Kazi yake ni ya wiki chache. Ikikaa miezi inamong'onyoka, mate yanapenya, vijidudu vinarudi mzizini, na kazi yote ya mwanzo inaanza upya. Weka tarehe ya kurudi ndani ya wiki mbili au tatu, na uiandike kwenye simu kabla hujatoka mlangoni. Dawa ikitoka kabla, rudi siku hiyo au kesho yake. Usizibe kwa pamba wala ubani wa kutafuna.

Tafuna upande wa pili. Ni rahisi kusema, na watu hufanikiwa siku tatu, kisha maumivu yakishasahaulika, ulimi unapeleka chakula kule kulikozoea. Kwa hiyo ni heri uvijue vitu vyenyewe.

Ubuyu ndio adui ninayemtaja kwanza, maana hapa pwani hakuna anayemhesabu kuwa adui. Unaweka ule mwekundu wenye sukari na pilipili kinywani. Unafyonza. Utamu ukikaribia kwisha, ulimi wenyewe unalisukuma kokwa kwenye magego, na bila kuamua unalibana kidogo kutafuta mabaki ya unga yaliyoganda pembeni. Kokwa la mbuyu haliachii. Hapo ndipo nguvu yote ya taya inapotua kwenye nukta moja, katikati ya jino lisilo na paa. Kama unaupenda ubuyu, kunywa juisi yake.

Baada ya huo yaje mua, mahindi ya kuchoma yaliyokomaa, kashata iliyokaukiana, barafu ya kutafuna, mfupa wa kuku, na ile punje ya bisi ambayo haikupasuka. Kwa akina mama wajawazito, udongo wa pemba. Na jiwe la kwenye maharage, ambalo halichagui siku: chambueni maharage na mchele kwenye ungo, mchana, penye mwanga, na msiwaachie watoto kazi hiyo. Meno si kifungulio cha soda wala mkasi wa uzi. Mafundi cherehani wawili nimewatibu kwa hilo. Hata baba alikuwa akishika misumari kwa meno, mpaka nilipomwonyesha picha ya eksirei ya jino lake.

Jino lisigonge kwanza

Daktari akishaziba au kuweka kofia, atakupa karatasi ya rangi uume. Kinachobaki jinoni ni madoa yanayoonyesha wapi panagongana. Shida ni kwamba una ganzi, nusu ya uso huisikii, na unauma kombo. Kesho yake asubuhi, ganzi ikiwa imeisha, kaa wima, funga mdomo taratibu. Kama jino lile linafika kabla ya wenzake, hata kwa unene wa karatasi, rudi lipunguzwe. Ni kazi ya dakika tano na sijawahi kusikia daktari mwenye akili akiitoza. Jino linalogonga kwanza linapokea pigo ambalo lilitakiwa kugawanywa kwa meno mengi, mchana kutwa, na usiku pia.

Tena usiku ndio mbaya. Mtu anayesaga meno usingizini anaweza kulimaliza jino ndani ya kofia nzuri. Bibi zetu walisema ni minyoo, na bado naletewa watoto waliokwishapewa dawa ya minyoo mara nne kwa sababu hiyo. Minyoo tibuni kwa ajili ya minyoo. Kusaga meno huandamana zaidi na wasiwasi, usingizi wa kukatika-katika, na baadhi ya dawa na vileo. Muulize unayelala naye chumba kimoja. Ukiamka taya limechoka, kingo za ulimi zina alama za meno, au vilima vya magego vimelala bapa kama vimepigwa msasa, mwambie daktari kabla hajaamua aina ya kofia. Atakuchukulia kipimo cha meno na kukutengenezea kinga ngumu ya plastiki ya kuvaa usiku. Ivae kila usiku. Ile iliyo kwenye kabati haimsaidii mtu.

Mchana nako wako wanaobana: madereva wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi, wabeba mizigo, mtu aliyeinama kwenye hesabu za duka. Nawafundisha kitu kimoja tu: midomo ifungwe, meno yaachane. Bandika karatasi kwenye tangi la pikipiki kama utasahau.

Kulitunza

Sina mengi hapa, kwa kuwa ni yale yale ya meno yote. Mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, na uzi wa meno upitishwe hasa mahali kofia inapokutana na ufizi, maana kofia haiozi lakini jino lililo chini yake linaoza. Chai tamu iwe ya kunywa kwa mkao mmoja ikaisha. Kikombe cha kuonjaonja toka asubuhi hadi adhuhuri ndicho kinacholiozesha. Rudi kila baada ya miezi sita, na eksirei ipigwe baada ya mwaka, kwa sababu jino hili halitakuita lenyewe.

Kwa wazazi neno moja: mtoto aliyevunja jino la mbele kwa kuanguka anaweza kuwekewa dawa ya kalsiamu ndani ya mzizi mchanga. Dawa hiyo ikiachwa miezi mingi kupita tarehe, inaidhoofisha dentini, na mzizi mwembamba unaweza kukatika shingoni. Tarehe za kurudi za mtoto zisisogezwe kwa ajili ya mitihani.

Ukihisi ufa

Dalili ya ufa ina ujanja. Mara nyingi jino linauma unapoachia kuliko unapobana. Au unapata kipele kwenye ufizi, karibu na shingo ya jino, kinapasuka na kurudi. Au upande mmoja tu wa jino ufizi umeachia, na daktari akiingiza kipimo kinazama ghafla mahali pembamba. Duka la dawa litakuuzia amoksilini, uvimbe utanywea, utadhani umepona. Antibaiotiki haiungi ufa, na kila wiki unayosubiri, ufa unashuka.

Usilitafunie tena, hata uji mzito peleka upande wa pili. Usiunge kipande kwa gundi ya viatu. Nimewahi kuibandua na iliondoka na ufizi. Ufa ukiishia juu ya ufizi, mara nyingi tunaliokoa kwa kulivika upesi. Ukiwa umeshuka kwenye mzizi wenye shina moja, linatoka. Gego lenye mizizi miwili au mitatu, wakati mwingine tunatoa mzizi uliopasuka na kuuacha uliobaki.

Yule mama alirudi miaka mitatu baadaye na gego la chini. Safari hii niliandika tarehe ya kofia kwenye kadi yake kabla sijawasha mashine, na alipokuwa anashuka kwenye kiti siku ya tatu akaniuliza mwenyewe, "Bado, eti?" Nikamwambia, bado mama, Alhamisi. Alhamisi alikuja, tukavika ya chuma.

Na kama limeshakatika, kipande usikitupe. Kisuuze, kiweke kwenye kichupa safi uje nacho, maana kinanionyesha ufa ulianzia wapi na ulielekea wapi kabla hata ya picha. Huna kichupa, kifunge kwenye pindo la khanga.